Pezi la Kushoto: Kuwatia Alama Samaki wa Kufugwa Mabwawani Kakanda

Mvua za Januari zikizidi, kijito kinachopita kwenye dembo, yaani bonde la majimaji, huvuka kingo za mabwawa, na hapo maneno huanza. Bwawa la juu limepungukiwa samaki, la chini limejaa kuliko kawaida, na hakuna anayeweza kuonyesha yupi ni wa nani. Hata pasipo mafuriko swali lipo. Umenunua vifaranga Likasi au Lubumbashi, umevisafirisha kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni mpaka Kakanda, hapa Katanga, umevilisha pumba za mahindi miezi sita. Siku ya kuvuta wavu unakuta samaki wa ukubwa wa kidole. Ni wale ulionunua, wamedumaa? Ni watoto waliozaliwa humo humo bwawani? Au ni samaki wa kijitoni walioingia na maji? Kila jibu lina dawa yake. Ikiwa ni wale ulionunua, tazama chakula na mbegu. Ikiwa ni watoto, tenga madume na majike, au vuna mapema zaidi. Ikiwa ni wa kijitoni, rekebisha chujio la mlango wa maji. Asiyejua hufanya yote matatu kwa kubahatisha, na kwa kawaida huanza kwa kumlaumu aliyemuuzia vifaranga.

Njia ya bei nafuu ya kupata jibu ni kuwakata pezi baadhi ya samaki kabla hujawatia bwawani. Haihitaji mashine: mkasi mdogo wenye makali, ndoo, beseni na daftari. Ugumu wake uko kwenye kujua pezi lipi, lini, na uandike nini.

Walioikuza mbinu hii kuliko wote ni watu wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Huko samoni huzalishwa vituoni kwa mamilioni, wakaachiwa mitoni waende zao baharini. Tangu miaka ya 1990 jimbo la Washington na jirani yake Oregon wamekuwa wakiwakata samoni wengi wa vituoni kile kipezi kidogo cha mafuta kilicho mgongoni karibu na mkia. Mvuvi akimnasa samaki asiye na kipezi anajua amezalishwa kituoni, na mara nyingi sheria inamruhusu kumchukua. Mwenye kipezi kamili anarudishwa majini. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo hufanywa na mashine zilizofungwa ndani ya matrela. Kipezi hicho kilichaguliwa kwa sababu hakina vijiti vya mfupa, samaki hakihitaji sana, na kikikatwa chote kwa kawaida hakioti tena.

Maelekezo mengi ya kukata pezi yameandikwa kwa ajili ya samaki hao, na hapo mfugaji wa Kakanda anaweza kupotezwa. Tilapia hana kipezi cha mafuta. Kambale wetu wa kawaida, Clarias gariepinus, naye hana: pezi lake la mgongo ni moja, refu, linakwenda mpaka karibu na mkia. Ukimkuta kambale mwenye nundu laini ya mafuta nyuma ya pezi la mgongo, huyo ni Heterobranchus au chotara wake, na ni vyema umuulize aliyekuuzia alikupa nini hasa.

Kwa tilapia, kata pezi la tumbo, na liwe moja tu. Mapezi ya tumbo ni yale mawili yaliyo chini ya mwili, nyuma kidogo ya koo. Kila moja lina mwiba mmoja mbele na vijiti vitano laini nyuma yake. Samaki akikosa moja kati ya hayo bado anaogelea, anakula na kuzaa. Mapezi ya kifuani usiyaguse, kwa kuwa ndiyo anayoyatumia kugeuka na kusimama mahali pamoja majini. Mkia unasukuma mwili wote, kwa hiyo si wa kukata kwa alama ya muda mrefu, ingawa ncha yake ina kazi nyingine nitakayoieleza. Pezi la mgongo la tilapia limejaa miiba mbele; ukilikata unamvua silaha, na wewe mwenyewe utatoka damu.

Kushoto au kulia? Kushoto ni kwa samaki, si kwako. Mshike mgongo juu, kichwa kikitazama mbele yako: pezi la mkono wako wa kushoto ndilo la kushoto. Jambo hili linaonekana dogo mpaka watu wawili wakae kukata, mmoja akimshika samaki tumbo juu na mwingine mgongo juu. Jioni daftari linasema samaki wote ni wa kushoto, na nusu yao ni wa kulia. Kubalianeni mshiko mmoja kabla ya samaki wa kwanza kutoka majini.

Mapezi huota tena. Ukipunguza ncha tu, baada ya wiki kadhaa za maji ya joto alama itakuwa imekwisha. Ukikata karibu na mwili, mahali vijiti vinapoanzia, pezi litachelewa sana kuota, na likiota litakuwa fupi, limepinda, vijiti vyake vimekatika mstari au vimeshikana. Jicho lililozoea linalitambua hata baada ya miezi mingi, hasa ukilikunjua na kulilinganisha na la upande wa pili. Lakini usikate mpaka kwenye nyama. Jeraha la nyama ni mlango wa ukungu, na samaki aliyekufa hana alama ya kumsaidia yeyote.

Sasa lini. Wengi hungojea msimu wa kiangazi kwa kuwa kazi za shamba zimepungua, lakini kwetu kiangazi ndicho kipindi kibaya. Likasi na Kakanda ziko juu ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Maji ya bwawa hupoa, tilapia huacha kula, jeraha halifungi haraka, na ukungu mweupe kama pamba, Saprolegnia, hushika kila mahali palipochubuka. Kata Septemba mwishoni au Oktoba, maji yameanza kupata joto na mvua kubwa bado. Anza alfajiri na umalize kabla ya jua kupanda, kwa maana maji ya moto yana oksijeni kidogo na samaki anayeshikwashikwa anaihitaji zaidi.

Usikate siku vifaranga vilipofika. Vimetikiswa barabarani, vimekaa mfukoni kwa saa nyingi. Vipe wiki moja vitulie na kuanza kula vizuri. Urefu nao uwe angalau sentimita 6. Chini ya hapo pezi ni dogo mno kwa mkasi wa kawaida, na mkono wako utavunja zaidi ya unachokata.

Jambo la tatu kabla ya mkasi ni maji yenyewe, na Kakanda si mahali pa kulipuuza. Shaba inayochimbwa hapa ni sumu kwa samaki, hasa wadogo, na hasa maji yakiwa laini na yenye asidi. Wanaotafuta madini walijifunza zamani kusoma udongo wa Katanga kwa kutazama ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linalostawi mahali ambapo mimea mingine hushindwa. Mfugaji alisome kinyume: linapojaa ua hilo, usichimbe bwawa. Wala usichukue maji ya kijito kinachopitia kwenye mitambo au kwenye malundo ya mchanga uliooshwa madini. Samaki wanaoishi kwa taabu ndani ya maji kama hayo hawafai kuongezewa jeraha. Na ukiona ukungu, mtu asikushauri sulfati ya shaba. Sisi shaba tunayo ya kutosha.

Kabla hujakata hata mmoja, tazama samaki 100 ambao hawajaguswa. Wageuze mmoja mmoja, uhesabu wangapi wamekosa pezi la tumbo au wanalo lililopinda. Samaki huumana, ndege huwadonoa, na wengine huzaliwa na kasoro. Ukikuta 1 kati ya 100 hana pezi la kushoto, haidhuru. Ukikuta 8, chagua la kulia, au jiulize vifaranga vyako vinatoka wapi. Hatua hii watu wengi huiruka kwa kuwa haionekani kama kazi. Lakini asiyeifanya atakuja kuihesabu kasoro ya kuzaliwa kama alama yake.

Vifaa ni hivi. Mkasi mdogo wa ncha kali, wa aina inayouzwa na maduka ya dawa. Kikata kucha kinaweza kusaidia kwa samaki wadogo, ila huponda kingo. Alkoholi ya kusafishia mkasi kila baada ya samaki kadhaa. Sponji au kitambaa kilicholowa cha kumlazia samaki, maana mkono mkavu na kitambaa kikavu huondoa ute unaoikinga ngozi yake. Ndoo ya maji ya bwawa kwa wanaosubiri, beseni la maji ya chumvi kwa waliokwisha katwa, kiasi cha kijiko kimoja kidogo cha chumvi ya kawaida, gramu 5 hivi, kwa kila lita. Na kizuizi ndani ya bwawa: sanduku la wavu lililoshonwa na kufungwa kwenye miti minne, samaki wakae humo siku tatu za kwanza ukiwatazama.

Sanduku hilo watu hulishona kwa chandarua cha mbu. Chandarua kinachogawiwa bure dhidi ya malaria kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa za jamii hiyo huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Tumia wavu usio na dawa, au nunua kitambaa cha neti cha kushonea nguo. Chandarua cha bure kina kazi yake juu ya kitanda cha mtoto.

Usiwalishe siku moja kabla. Kwa samaki wadogo, fundi mwepesi anaweza kukata bila kuwalaza usingizi: sekunde chache nje ya maji, kisha beseni la chumvi. Kwa wakubwa, hasa wazazi wa kuzalishia ambao hutaki wajipigepige, mafuta ya karafuu yanafaa. Maduka ya dawa huyauza kwa ajili ya meno. Hayachanganyiki na maji yenyewe, kwa hiyo changanya kwanza sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za alkoholi, tikisa, kisha tia matone 10 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Ni kama tone 1 la mafuta kwa lita. Jaribu kwa samaki wawili kabla ya kuwatia wote. Samaki atalegea na kulala ubavu. Asikae humo zaidi ya dakika 5, na akirudishwa kwenye maji safi ataamka. Aliyelazwa kwa karafuu asiende jikoni siku hiyo.

Mkasi uingie sambamba na mwili, ukate mara moja, usisite katikati. Pezi lililokatwa kwa vipande viwili vitatu huacha kingo zilizopasuka. Waliokatwa waoge maji ya chumvi dakika 15, kisha waende kwenye sanduku la wavu pamoja na idadi sawa ya ambao hawakukatwa lakini walishikwa vilevile. Wakifa 4 wenye alama na 4 wasio na alama, kosa ni safari au mikono yako. Wakifa 10 kwa 1, kosa ni mkasi, simama, usiendelee.

Daftari nalo linataka uangalifu uleule wa mkasi. Alama haisemi chochote yenyewe. Pezi la kushoto lililokatwa ni pezi lililokatwa tu, mpaka mahali fulani pawe pameandikwa lina maana gani. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: 12 Oktoba, bwawa la 2, tilapia 800, kati yao 200 tumbo kushoto, sentimita 6 hadi 8, vifaranga kutoka kwa muuzaji wa kwanza, waliokufa siku tatu za kwanza 4 wenye alama na 3 wasio nayo. Andika kwa kalamu isiyofutika na maji, mwenzako naye aandike lake. Alama moja isipewe maana mbili kwa miaka miwili mfululizo. Tilapia mzazi anaweza kudumu bwawani kuliko kumbukumbu yako.

Na uamue mapema swali moja tu. Kwa kupima mbegu za wauzaji wawili, wa kwanza kushoto, wa pili kulia, wote bwawa moja, chakula kimoja. Siku ya kuvuna unapima uzito wa kila kundi. Hiyo ni bora kuliko kutumia mabwawa mawili, kwa sababu hakuna mabwawa mawili yanayofanana. Ukiongeza swali la chakula juu ya hilo, kisha la wazazi, utajikuta unakata mapezi mawili kwa samaki mmoja, na samaki wa namna hiyo hukua vibaya hata bila sababu nyingine.

Tuchukue swali la mwanzo, la samaki wa ukubwa wa kidole. Bwawa la ari 4, umetia tilapia 800, kati yao 200 wenye alama, yaani robo. Miezi sita baadaye unavuta wavu na kuhesabu samaki 120. Kama hakuna aliyeingia wala kuzaliwa, unatarajia wenye alama wawe karibu 30. Ukipata 26 au 34 usishtuke, bahati ya wavu ni hivyo. Ukipata 18, piga mara nne: samaki 72 kati ya 120 ndio uliowanunua, na 48 wametoka kwingine. Wagawe kwa ukubwa. Kama wenye alama wote ni wakubwa na wadogo wote hawana alama, muuzaji wa vifaranga hana hatia, bwawa lako linazaa. Tilapia wa kufugwa anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na mtoto wa samaki mwenye alama huzaliwa na mapezi yote: kukatwa hakurithiwi. Ndiyo maana alama hii inatenga kizazi na kizazi vizuri kuliko ukubwa wa mwili. Kama kuna wenye alama wadogo kwa wingi, sasa una haki ya kuuliza maswali juu ya mbegu au juu ya pumba zako. Kumbuka tu kwamba wavu wa matundu makubwa huwapitisha wadogo, na hesabu itakudanganya kwa upande wako.

Ncha ya mkia ndiyo ya kuhesabia samaki walio hai bila kulikausha bwawa. Vua 100, kata kipande kidogo cha ncha ya juu ya mkia, warudishe. Baada ya siku tatu au nne vua tena, kabla ncha haijaota. Ukivua 90 na 15 wana alama, zidisha 100 kwa 90, gawa kwa 15: bwawa lina samaki kama 600. Hesabu hii ni ya Mdenmark Petersen tangu miaka ya 1890, na wataalamu wa uvuvi bado wanaitumia. Ila tilapia ni mjanja: huruka juu ya wavu au hujilaza kwenye mashimo ya viota vyake, na aliyeponea mara ya kwanza huponea ya pili. Vuta kutoka pande zote mbili.

Kwa kambale naishauri mbinu hii kwa moyo nusu. Pezi la tumbo linakatika vizuri, lakini kambale huumana na kulana, na baada ya miezi mitatu wapo wasio na pezi ambao mkasi haukuwagusa. Kagua kila mwezi, uandike. Usikate masharubu yake kamwe, kwani ndiyo yanayomwongoza kwenye matope, na jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani, ambayo hufunguka na kukaza mahali pake ukimminya.

Vipande vya pezi usivitupe vyote, kwani vinaweza kukuonyesha tilapia wako ni wa aina gani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilikuwa kitovu cha ufugaji wa tilapia, na mwaka 1949 jiji hilo liliwapokea Wabelgiji na Waingereza kwa mkutano wa ufugaji wa samaki. Samaki aliyeshughulikiwa sana huko alikuwa Oreochromis macrochir, tilapia wa kanda yetu. Leo tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, ameenea mabwawani na mitoni. Upande wa Kafue nchini Zambia amechanganyika na wa asili, na macrochir amehesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini. Mwenye mistari myembamba ya wima kwenye mkia ni wa Nile. Chotara ndio wanaochanganya macho. Hapo kipande cha pezi, ukubwa wa nusu ya ukucha, kilichotiwa kwenye kichupa cha alkoholi ya asilimia 95 na kuandikwa namba kwa penseli, kinaweza kupelekwa maabara kupimwa DNA. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha kilimo. Anza kuuliza hapo kabla hujawatumia samaki wasiojulikana kama wazazi.

Kuhusu ugomvi wa mafuriko, pezi peke yake halitakuokoa. Jirani atasema, "Baba, hata mimi nilikata la kushoto." Kwa hiyo wenye mabwawa ya dembo moja wakutane Septemba, mbele ya mfumu, mkuu wa kijiji, ikiwezekana, wagawane: wa juu kushoto, wa kati kulia, wa chini asikate. Watatu tu ndio wanaotosha kwa njia hii. Wakiwa wanne, mmoja wao atalazimika kujenga ukingo wa juu zaidi, jambo ambalo kusema kweli wote wangelifanya kwanza.

Siku ya kuvuna, weka mabeseni mawili kabla ya wavu kuguswa. Mgeuze kila samaki, kunjua mapezi yote mawili ya tumbo kwa kidole, linganisha, weka kwenye beseni lake. Mwenye shaka awekwe pembeni, atazamwe na mtu wa pili. Hesabu na upime uzito wakiwa bado kingoni, maana mama wauzaji wakishafika na mizani yao wanataka samaki wakubwa tu kutoka kila beseni, wapate kushindana na samaki wa barafu waitwao tomsoni sokoni, na ndani ya dakika kumi huwezi tena kujua nani alikuwa wapi.